Upepo Mkononi mwa Victorine

Siku ile sauti ya Victorine ilipokatika redioni, Mama Habiba alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo, na redio yake ndogo ameiweka juu ya kiti cha plastiki kama mgeni wa heshima. Kilikuwa kipindi cha salamu, ambacho nusu ya Makomeno, mtaa wao wa Lubumbashi, hukisikiliza mchana mikono ikiwa kazini. Victorine alikuwa amefika kwa mzee mmoja wa Katuba.

"Papa Kunda anasalimia muke yake, anasalimia bashemeki yake bote, na zaidi ya bote anasalimia..."

Hapo kimya. Redio haikuharibika, maana studio yenyewe ilisikika vizuri: kiti kililia, mtu akakohoa. Kisha Victorine akacheka.

"Bandugu, ordinateur yangu imenikimbia. Papa Kunda, huyu wa mwisho utamusalimia weye mwenyewe kule nyumbani."

Wimbo ukawekwa haraka haraka. Mama Habiba aliinua kichwa.

"Feruzi! Mashini ya Victorine imekufa kwa redio. Si njo kazi yako ile?"

Feruzi alitoka chumbani akijikuna shingo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye miwani, na kwa muda mrefu alikuwa ameshindwa kumweleza mama yake anachofanya kutwa nzima mbele ya kompyuta. Hakuwa fundi wa kufungua na kufunga skrubu, ingawa majirani walimletea hata pasi. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za chipu moja tu, ndogo kuliko ukucha, iliyomo ndani ya kila kompyuta ya kupakata na ambayo wenye kompyuta karibu wote hawajui kama ipo. Chipu hiyo ndiyo inayopokea kidole kikibonyeza herufi, ndiyo inayojua kwamba kifuniko kimefungwa, ndiyo inayolisha betri na kuendesha feni. Kompyuta ikilala, yenyewe iko macho. Kompyuta ikizimwa, bado iko macho, inangoja mtu aguse kitufe cha kuwashia. Feruzi na wenzake, watu wa nchi mbalimbali ambao hajawahi kukaa nao meza moja, waliiandikia chipu hiyo programu iliyo wazi, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha.

"Ni kama sentinelle," alishamwambia mama yake mara nyingi. "Mwenye nyumba analala, sentinelle iko macho kwa mulango."

"Na sentinelle ya Victorine ilikuwa wapi?" mama aliuliza sasa, kisha akarudi kwenye sombe yake.

Kesho yake asubuhi Victorine alikuja mwenyewe. Kituo cha redio hakikuwa mbali, mitaa michache tu kutoka pale, na aliambiwa kwamba nyumba ya mlango wa kijani ina kijana anayeelewa mambo hayo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, amevaa kitenge cha njano. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Babu yake alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika reli, naye mjukuu, bila kuiona reli wala treni, aliweza kukuambia uko mtaa gani kwa kusikiliza tu wauza mikate na kengele za shule. Alikuwa amemshika mkono Myriam, msichana anayeshughulikia mitambo ya sauti pale redioni, ambaye alibeba kompyuta ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa.

"Jambo yenu," alisema Victorine mlangoni.

Mama Habiba alisimama wima. Alikuwa anaijua sauti hiyo kuliko sauti za jamaa zake wa Kasongo, lakini hajawahi kumwona mwenye sauti.

"Njo weye?"

"Njo miye, mama. Na ninasikia harufu ya sombe. Sijue kama nimefika saa mubaya ao saa muzuri."

"Saa muzuri kabisa! Ingieni, ingieni. Na weye, mutoto yangu, vuta kiti."

Walipokwisha kukaa, Victorine aliiweka kompyuta magotini mwa Feruzi, akaeleza shida yake bila kuzungukazunguka.

"Ordinateur haina ugonjwa. Kwa pembeni iko taa ndogo, si vile? Courant ikienda, taa inazima. Batri ikikaribia kuisha, inakuwa nyekundu. Bantu bote banaiona. Miye tu njo siione, na ordinateur ni yangu."

"Lakini ile sauti yenye inakusomea maandiko kwa sikio," Feruzi aliuliza, "haikuambie batri iko wapi?"

"Inaniambia nikiiuliza. Mais niko kwa antenne, muji muzima unanisikia! Sikio moja iko na Papa Kunda na bashemeki yake, sikio ingine iko na Myriam ananiambia dakika zinaisha. Nitauliza batri na sikio gani?"

Myriam aliongeza kwamba jana mgeni mmoja aliusukuma waya wa chaji kwa mguu bila kujua. Taa ikazima mbele ya watu watatu waliokuwa wanamtazama Victorine usoni, wala si mashine yake.

Feruzi aliitazama taa. Taa za namna ile alizijua vizuri. Mistari ya programu inayozibadilisha rangi aliiandika mwenyewe, tena alijisifu moyoni kwa jinsi ilivyokaa safi na mifupi. Umeme ukienda, taa izime, betri ikipungua, iwe nyekundu, basi. Katika muda wote huo hakuna mtu aliyemuuliza ni nani anayeitazama, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Aliigeuza kompyuta, akasoma maandishi ya chini, na uso wake ukafunguka. Ilikuwa ya aina ileile ya kompyuta yake, mojawapo ya zile ambazo kundi lao liliziandikia programu.

"Mama Victo, hii minaijua! Sentinelle yake inajua courant ikienda, tena mbele ya kila kintu. Haina mudomo tu."

"Basi uipatie mudomo."

"Iko na ventilateur," alisema Feruzi polepole, kwa sababu wazo lilikuwa linamjia huku anasema. "Ventilateur inaweza kupiga kelele."

Mchana ule ule aliandika. Waya wa chaji ukichomolewa, feni ivume kwa nguvu zote, inyamaze, ivume tena. Alijaribu kwenye kompyuta yake: *vuuu, vuuu, vuuu*. Mama Habiba alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona ni pikipiki ya nani imeingia ndani. Feruzi alicheka, akaichukua kompyuta ya Victorine na kuitia programu hiyohiyo.

Hapo haraka ikamponza. Kompyuta hizo mbili zilifanana kwa nje kama pacha, lakini ubao wa ndani wa ile ya Victorine ulikuwa wa toleo jipya zaidi, na kiwandani walikuwa wamehamisha baadhi ya nyaya. Alitakiwa kuifungua atazame kwanza. Hakutazama. Programu iliingia, kompyuta ikajizima kama inavyotakiwa ili iamke upya, na haikuamka. Alibonyeza kitufe. Akachomoa chaji, akairudisha. Akakishikilia kitufe hadi kidole kikauma. Hakukuwa na taa wala feni, na mashine ilikuwa baridi kama sahani.

Alitembea uani mara kadhaa, kisha akampigia Victorine simu, kwa sababu aliona kila dakika ya kuchelewa itamfanya aogope zaidi.

"Mama Victo... ordinateur yako. Niliiua."

Victorine aliuliza jambo moja tu.

"Hadithi zangu zenye niliandika ziko ndani?"

"Ziko. Disque haina neno. Ni sentinelle tu njo haiamuke."

"Basi uiamushe, baba," alisema Victorine. "Na Myriam anakuya kukuchunga. Sauti yako inatetemeka, na mikono zako bila shaka iko vilevile."

Myriam alifika na kisanduku chake cha vifaa, akavua viatu mlangoni, akakaa sakafuni na kuanza kulegeza skrubu bila hata kuuliza nini kimetokea. Dawa ilikuwa moja: kuibana chipu inayohifadhi programu kwa kibanio maalumu chenye meno madogo, kisha kuirudishia kutoka nje ile programu ya zamani, ambayo kwa bahati Feruzi alikuwa ameinakili kabla ya kuanza. Lakini kibanio chake kilikuwa na jino moja lililovunjika. Myriam alikigeuza kwenye mwanga, akafikiri, akatoa kipokea sauti kibovu kutoka kisandukuni, akauchuna waya wake mwembamba kama unywele na kuuchomelea mahali pa jino. Mkono wake haukutikisika hata kidogo.

"Mbele ya kuchunga son, ile sauti ya redio, nilikuwa natengeneza mikufu na mujomba," alisema. "Usipumue kwanza."

Feruzi hakupumua. Mama Habiba alikuwa amesimama mlangoni na chai, akinong'ona bismillah. Programu ya zamani iliingia pole pole, kama maji yanayopita kwenye bomba lililoziba, na ilipokwisha Feruzi akabonyeza kitufe. Feni ilikohoa. Taa ikawaka.

"Imefufuka!" alipiga kelele Mama Habiba, na chai ikamwagika.

"Tumuache Mama Victo ateseke kidogo kwanza," alisema Myriam, lakini tayari simu ilikuwa sikioni na anacheka.

Safari hii Feruzi aliukagua ubao kwanza, akajua kila waya uko wapi, na programu mpya ikaingia bila shida. Wakati wa kipindi cha salamu kilichofuata alikaa uani na mama yake, redio katikati yao, na alipenda umeme ukatike. Ulikatika kama alivyopenda, studio ikaendelea kwa betri yake ya akiba. Victorine alikuwa anasoma salamu za harusi ghafla spika ikapasuka kwa mngurumo: *VUUU! VUUU! VUUU!*

"Ee Mungu!" alisema Mama Habiba. "Lori imeingia kwa redio."

"Musiogope, bandugu," ilikuja sauti ya Victorine, imejaa kicheko anachokizuia. "Ni ordinateur yangu. Inalalamika juu courant imeenda."

Simu zikaanza kumiminika. Mwanamume mmoja aliuliza kama mvua imeanza Makomeno, maana ameanika nguo. Mama mmoja aliomba mashine ingurume tena, watoto wake wamependa. Mwingine alishauri ipelekwe kwa daktari wa kifua. Kipindi kizima kiligeuka kuwa habari za feni, na Feruzi alikuwa anajipiga mapajani kwa furaha mpaka mlango wa kijani ulipogongwa baadaye na Myriam akaingia ameshika masikio.

"Ya Feruzi, kaka yangu, unataka kuniua? Ile makelele ilinipiga katikati ya kichwa. Micro iko karibu na ordinateur kabisa. Hatuwezi kufanya émission na lori ndani ya studio."

Victorine, aliyekuja nyuma yake, aliketi na kujipepea kwa leso.

"Miye nilicheka, siwezi kudanganya. Mais sasa muji muzima unajua batri yangu iko na njaa. Ile si habari yao, ni yangu."

Feruzi alielewa. Wanaoona hutupia jicho taa yao kimya kimya, hakuna anayejua. Yeye alikuwa amempa Victorine tarumbeta. Walikaa hapo uani, kompyuta juu ya meza ndogo, na Feruzi akaanza kupunguza. Mvumo wa nusu nguvu: Myriam alitikisa kichwa, bado unaingia kwenye maikrofoni. Robo: bado. Akashusha zaidi, na zaidi, hadi feni ikazunguka taratibu kiasi kwamba kuku aliyekuwa chini ya meza hakugeuza hata shingo.

"Basi, imeshindikana," alisema Feruzi. "Hii haisikike kabisa."

"Mbona nimeisikia?" alisema Victorine.

"Umesikia nini, Mama Victo? Hata mimi niko hapa siisikie."

"Upepo. Umenipiga hapa."

Alikuwa ameweka mkono wa kushoto kando ya kompyuta, kama alivyouweka daima, kwa sababu mkono wa kulia ndio uliopeleka mistari mbele anaposoma. Na upande wa kushoto ndipo penye tundu la feni. Alijigusa kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo ngozi ni laini.

"Fanya tena."

Feruzi alifanya tena. Victorine alitabasamu kabla Feruzi hajainua hata kidole kutoka kwenye kitufe.

Feruzi aliegemea kiti, akajiona mjinga, tena mjinga mwenye furaha. Tangu mwanzo alikuwa anatafuta kitu cha kusikia kwa sikio, kwa kuwa alifikiri mtu asiyeona ana masikio tu. Na masikio ya Victorine ndiyo yaliyokuwa na kazi nyingi kuliko kiungo chochote mwilini mwake. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaa bure.

"Makelele apana," alisema Victorine. "Inipulize tu. Kama muntu anakuita polepole ndani ya kanisa."

Kumbe kupuliza polepole kulikuwa kazi kuliko kunguruma. Feni iliyosimama haikubali kuanza na umeme kidogo. Inatetemeka mahali pamoja tu, kama mtu anayetaka kuinuka kitandani na hataki. Feruzi ilimbidi aipe msukumo mmoja mfupi wa kuiamsha, kisha mara hiyohiyo aushushe kabla haijapata sauti. Akizidisha, Myriam anakunja uso. Akipunguza, Victorine anasema, "Hakuna kintu." Siku kadhaa zilipita hivyo, Victorine akija baada ya kipindi, Mama Habiba akimwekea sahani ya bukari na ndakala, ugali na dagaa, bila kumuuliza, naye akibishana na Feruzi.

Walibishana zaidi kuhusu maneno. Feruzi alitaka upepo useme mambo mengi: betri imejaa, betri nusu, robo, kifuniko kimefungwa vibaya, joto limezidi. Alikuwa tayari ameandika ishara za kila kimoja.

"Feruzi," alisema Victorine akitafuna, "muntu mwenye anakugusa mukono juu ya kukuonya, anatoaka discours ya maneno mingi?"

"Apana."

"Basi. Courant imeenda: mara mbili, mbio mbio. Courant imerudi: mara moja, murefu. Batri inakufa: ipulize, ipulize, isichoke mpaka nifanye kintu. Zingine nitauliza mwenyewe."

Feruzi alifuta karibu yote aliyoyaandika. Lililobaki lilikuwa fupi na zuri, na lilimpendeza kuliko la kwanza. Kisha akakumbuka jambo lingine, akashika kichwa.

"Na kukiwa joto? Ventilateur inakuwa inazunguka tayari. Upepo unapuliza tu wakati wote. Utatofautisha namna gani?"

Victorine hakufikiri hata kidogo.

"Iache kupuliza kidogo. Nitasikia inanyamaza."

Feruzi alimtazama, akatazama feni, akafungua kompyuta na kuandika hapo hapo, sahani ikiwa bado magotini. Feni ikiwa imesimama, ipulize. Ikiwa inazunguka, ishike pumzi kwa kitambo kidogo tu, kiasi ambacho hakitaidhuru mashine, kisha iendelee.

Mashindano ya kwaya yalifanyika siku ya joto kali, mwezi ule ambao watu wote Lubumbashi hutazama juu wakiisubiri mvua. Ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Redio ilikuwa inayarusha moja kwa moja, na redio rafiki ya Kilwa, kule ukingoni mwa ziwa Mweru, ilikuwa imeyadaka matangazo na kuyarusha kwa watu wake, kwa sababu kwaya ya akina mama wa Kilwa ilikuwa mojawapo ya washindani. Barabara iliwatesa. Walifika wakati wengine wameshaimba, vumbi hadi kwenye nyusi, ngoma zao zimefungwa kwa vitenge, na wakaambiwa wataimba mwisho.

Victorine alikaa mezani kando ya jukwaa, kompyuta mbele yake, majina ya kwaya na ya nyimbo yakimnong'onea sikioni. Myriam alikuwa karibu naye na mitambo ya sauti. Feruzi alisimama ukutani na mama yake, aliyevaa mtandio wake wa Idi na kusalimiana na watu wa safu tatu nzima kama aliyealikwa na askofu mwenyewe.

Akina mama wa Kilwa walianza kuimba. Kiongozi wao, mwanamke mfupi aliyeitwa Mwelwa, alitupa sauti juu, wenzake wakaipokea, ngoma zikaingia, na ukumbi mzima ukasimama. Mabenchi yalikuwa yanagonga sakafu. Jua lilijaa madirishani na hakuna taa hata moja iliyokuwa imewashwa, kwa hiyo umeme ulipokatika hapakuwa na mtu yeyote wa kuona chochote. Mitambo ya Myriam iliendelea kwa betri ya akiba iliyokuwa chini ya meza, betri kuukuu, na king'ora chake kidogo kililia bila kusikika chini ya ngoma za Kilwa.

Feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka bila kupumzika kwa joto lile. Upepo ulikuwa umemkalia Victorine mkononi tangu asubuhi. Ghafla ukanyamaza. Ukarudi. Ukanyamaza tena, ukarudi.

Victorine alifunika maikrofoni kwa kiganja, akamwinamia Myriam.

"Courant imeenda."

Myriam alisikiliza vipokea sauti vyake. Wimbo ulikuwa safi.

"Apana, Mama Victo, son iko muzuri tu..."

"Imeenda, ninakuambia!"

Myriam aliinama chini ya meza. Alipoinuka macho yalikuwa makubwa. Ile betri kuukuu haikuwa na dakika nyingi. Aliruka benchi, akapita katikati ya watu akielekea mlango wa nyuma, na Feruzi alipomwona anakimbia alikimbia pia. Jenereta ilikuwa nje chini ya mabati. Myriam alifungua mafuta, Feruzi akavuta kamba. Ikakohoa, ikafa. Akavuta tena, miwani ikaanguka vumbini. Ndani, sauti ya Mwelwa ilikuwa inapanda kuelekea mwisho wa wimbo, ile sehemu ambayo kwaya nzima hunyamaza na yeye hubaki peke yake. Feruzi aliweka mguu juu ya jenereta, akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, na jenereta ikashika.

Aliokota miwani, akaingia ukumbini akihema. Hakuna aliyegeuka kumtazama, maana hakuna aliyejua kitu. Mwelwa alikuwa amefumba macho, anaimba. Wimbo haukukatika hapo ukumbini, wala haukukatika kule ziwani. Feruzi alitazama meza ya Victorine, na kutoka umbali ule aliona bega lake likishuka na mdomo wake ukitanuka kwa tabasamu, akajua upepo umemwambia: mara moja, murefu.

Kwaya ya Kilwa haikushinda. Ilikuwa ya pili, na akina mama wale wakashangilia kama wamekuwa wa kwanza, kwa kuwa simu zilikuwa zinaingia kutoka nyumbani: waume, wakwe, watoto, wote wameusikia wimbo hadi mwisho na wote wanazungumza kwa pamoja. Myriam alikaa sakafuni nyuma ya mitambo yake, amepakaa mafuta ya jenereta shavuni, akacheka peke yake. Mama Habiba alishamwendea Mwelwa kumuuliza samaki wa Mweru wanapikwaje kwao.

"Ya Feruzi," Myriam aliita. "Katika bantu bote humu ndani, mwenye alijua wa kwanza kuwa courant imeenda ni nani?"

"Usiseme kwa micro," alisema Victorine. "Ni habari yangu."

Lakini Myriam hakuweza kunyamaza, na habari ikatoka. Wiki iliyofuata, wakati Feruzi alikuwa ameshawatumia wenzake wa ng'ambo ile kazi, na mmoja wao amemjibu kwamba amekaa mchana mzima amefumba macho na mkono kando ya feni, mlango wa kijani uligongwa tena. Victorine alikuwa mbele. Nyuma yake walisimama watu wanne wa chama chao cha wasioona, kila mmoja na kompyuta kwapani, na wa mwisho alikuwa bwana mwembamba mwenye kofia, mwalimu Léonard, aliyetoka Lukafu asubuhi ileile na vumbi lake bado.

"Jambo yenu," alisema Victorine. "Nilibaambia basiseme bote mara moja, mais habasikie."

Mwalimu Léonard alikuwa ameshaanza. "Mutoto yangu, hii yangu, nikibonyeza ili izime, sijue kama imezima kweli ao inanidanganya. Nafunga, natia ndani ya mufuko, nafika nyumbani iko moto kama mukate. Sentinelle yako inaweza kunipatia mukono, kuniambia kwaheri, nalala?"

"Ngoja kwanza," alisema mwanamke mmoja kando yake, "mimi nilifika mbele yake!"

Feruzi alitazama kompyuta moja, akatazama ya pili. Hakuna mbili zilizofanana. Mojawapo hakuwahi hata kuiona. Alianza kucheka, akavua miwani na kuifuta.

"Leo nitafungua kila moja nitazame ndani mbele ya kugusa kintu," alisema. "Mama! Tuko na viti ngapi?"

"Viti haitoshe," Mama Habiba alijibu kutoka jikoni. "Mwalimu akae kwa kile cha redio. Redio itakaa chini."